Mwenye Macho Aambiwapo Tazama

Ijumaa usiku, tarehe 5 Aprili 2024, Stephane Aziz Ki wa Yanga ya Dar es Salaam aliachia shuti kali kutoka nje ya boksi katika uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Mpira ulimpita kipa wa Mamelodi Sundowns, Ronwen Williams, ukagonga mtambaa panya kwa upande wa chini, ukadunda ardhini, ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyoosha mikono juu. Mwamuzi Dahane Beida kutoka Mauritania hakutoa bao. Chumba cha VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, kikapitia picha, na jibu likabaki lile lile. Robo fainali hiyo ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambayo mchezo wake wa kwanza Dar es Salaam ulikuwa umeisha 0–0, ikaisha tena 0–0, na Mamelodi Sundowns wakasonga mbele kwa mikwaju ya penalti 3–2.

Kabla watu hawajamaliza kutoka kwenye vibanda umiza, picha ya mpira ukiwa kwenye mstari ilikuwa imekwisha kuzagaa kwenye simu. Picha ni ile ile moja. Shabiki wa Yanga aliikuza kwa vidole viwili, akaona majani kati ya mpira na mstari. Mtani wake, shabiki wa Simba, aliikuza vilevile, akaona chokaa. Ubishi ule bado una watu wake vijiweni, na hakuna awezaye kusema uliletwa na ukosefu wa kamera. Kamera zilikuwapo.

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo imebeba dai kubwa: jambo likiwa wazi, kumwonyesha mtu kwa kidole ni kama kumtukana. VAR imejengwa juu ya dai la kinyume. Inamchukua mwamuzi aliyesomea kazi yake, mwenye macho mazima, aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye tukio, inamwita kando ya uwanja mbele ya maelfu ya watu na kumwambia: tazama. Kisha tazama tena, polepole. Ukiuchimba mjadala wa mashabiki kuhusu mashine hii, chini yake unakuta swali lililowasumbua wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi. Kujua kilichotokea na kutoa hukumu ya haki, je, ni kazi moja au kazi mbili?

Walioiomba teknolojia walikuwa na madonda yao. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico City, Diego Maradona aliupiga mpira kwa ngumi ukaingia goli la Uingereza, na Ali Bennaceur, mwamuzi kutoka Tunisia, akaweka mpira kati. Tarehe 18 Novemba 2009 Thierry Henry aliunawa mpira waziwazi karibu na Paris, William Gallas akafunga, na Jamhuri ya Ireland ikakosa Kombe la Dunia. Miezi michache baadaye, tarehe 27 Juni 2010, huko Bloemfontein, shuti la Frank Lampard liligonga mwamba na kudunda ndani ya goli la Ujerumani kwa umbali ambao hata aliyekaa jukwaa la mwisho aliuona. Mwamuzi Jorge Larrionda hakuuona. Uingereza ilikuwa nyuma 2–1 wakati huo, ikafungwa 4–1.

Baada ya Bloemfontein, ukuta wa kuikataa teknolojia ulianza kupasuka. IFAB, bodi inayotunga sheria za soka tangu mwaka 1886, iliruhusu teknolojia ya mstari wa goli mwezi Julai 2012. Machi 2018 ikaiandika VAR katika sheria, na Kombe la Dunia la Urusi mwaka huo likawa la kwanza kuitumia. Afrika haikuchelewa sana: Misri ilishuhudia VAR kuanzia robo fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2019, na Cameroon ikaitumia katika mechi zote 52 za fainali zilizochezwa mwanzoni mwa 2022.

Madaraka yake yaliwekewa mipaka tangu mwanzo. Ilipewa mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Hata katika hayo manne, iliambiwa iingilie pale tu mwamuzi alipofanya kosa lililo wazi na dhahiri, au pale alipopitwa na tukio zito. Maneno hayo, "wazi na dhahiri", yanaonekana mepesi kwenye karatasi. Uwanjani yamezaa kesi zisizo na mwisho, kwa sababu kosa ambalo watu wanne wamelitazama kwa dakika nne ndipo wakaliona, mtu anaweza kuuliza uwazi wake uko wapi.

Kijiweni, kambi ya kwanza ina hoja nzito na haipaswi kupuuzwa. Sheria ni msumeno, wanasema, inakata mbele na nyuma. Msumeno uliokuwa ukikata upande wa timu ndogo peke yake ulihitaji kunolewa upya. Timu kubwa ikicheza nyumbani mbele ya mashabiki elfu sitini, refa naye ana masikio. Kelele zile humwingia. Chumba chenye skrini hakisikii kelele. Tena fedha zilizomo kwenye soka leo si za kubahatisha: klabu inaweza kushuka daraja na wafanyakazi wake wakakosa ajira kwa sababu ya bao la kuotea lililokubaliwa na mshika kibendera aliyepepesa macho. Anayesema makosa ni sehemu ya utamu wa mchezo, kambi hii humjibu kwa swali moja: utamu wa nani?

Kambi ya pili haina takwimu. Ina kifua. Bao linapoingia, kuna sekunde mbili au tatu ambazo mtu mzima humkumbatia asiyemjua, chai ikamwagika, na mwenye kibanda asidai kikombe. Sekunde hizo ndizo zilizoibiwa. Sasa mpira ukitikisa nyavu shabiki humtazama kwanza mwamuzi, kama kidole kimekwenda sikioni. Furaha imewekwa rehani, na ikikombolewa baada ya dakika tatu, inatoka ikiwa imepoa.

Watu wameikataa VAR kwa vitendo pia. Julai 2024, mashabiki nchini Norway walirusha uwanjani keki za samaki na mipira ya tenisi katika mechi ya Rosenborg na Lillestrøm hadi mechi ikavunjwa. Klabu za ligi mbili za juu za nchi hiyo zilipendekeza mashine iondolewe, lakini mkutano mkuu wa shirikisho mwezi Machi 2025 ukaamua ibaki, kwa kura 321 dhidi ya 129. Jirani zao Sweden waliikataa kabla haijaingia, kwa kuwa huko kanuni inawapa wanachama wa klabu wingi wa kura, na wanachama ndio wale wale wanaokaa jukwaani. Nchini Uingereza, klabu ya Wolverhampton Wanderers ilipeleka hoja ya kuifuta, ikapigiwa kura mwezi Juni 2024. Klabu kumi na tisa zikapiga kura ya hapana. Wolves wakabaki peke yao.

Hapa ndipo mtu angetegemea kamera imalize ubishi. Picha si hizo hapo?

Mwaka 1951, vyuo vikuu viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo ukageuka vita, na wachezaji wakavunjika. Wanasaikolojia wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote filamu ya mechi ile na kuwataka wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliwahesabia Dartmouth makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyohesabu Dartmouth wenyewe. Filamu ilikuwa moja, mwendo mmoja, ukuta mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na hitimisho la watafiti hao lilikuwa gumu kumeza: watu wale hawakutofautiana tu katika kuupima mchezo mmoja waliouona. Kila upande ulikuwa umeona mchezo wake. Wazee wa pwani hawakuhitaji filamu kulijua hilo. Walisema zamani kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kwa hiyo ni vyema kuyatazama maneno ambayo lugha yenyewe imewapa watu wa mpira. Kiswahili humwita refa "mwamuzi". Kuamua, katika matumizi yake ya kale na ambayo bado yako hai mitaani, ni kuwatenganisha watu wanaogombana. Vijana wakishikana mashati sokoni, anayeingia kati kuwaachanisha ameamua ugomvi. Hakufanya uchunguzi. Hakuuliza nani alianza. Amefanya kazi moja tu, ya kuwafanya waachane ili soko liendelee.

Mwamuzi wa soka wa miaka yote alikuwa mtu wa namna hiyo. Filimbi yake ilikuwa na maana ya "yameisha, chezeni". VAR imempa kazi ya pili, ya upelelezi: arudi nyuma, akusanye ushahidi, apime, achore mistari, athibitishe. Mpelelezi ana muda na hana haraka. Mwamuzi ana ugomvi mbele yake na lazima auzime sasa hivi. Kumvika mtu mmoja kofia hizo mbili ndani ya dakika tisini si jambo dogo.

Kuna neno la pili. "Haki" limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake lilibeba maana mbili kwa pamoja: kilicho kweli, na kinachomstahili mtu. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki, Waswahili walikuwa na "kweli" yao tayari, na haki ikabaki na sehemu ya stahili. Ndiyo maana kwa Kiswahili mtu anaweza kusema bila kujikanganya kwamba jambo fulani ni kweli lakini si haki. Na maneno hukumu, hakimu na hekima yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, kama vile walioyaunda walijua kwamba anayehukumu atahitaji kitu zaidi ya taarifa.

Dini zimelifahamu pengo hilo kati ya kweli na haki kwa muda mrefu. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo makadhi wa Zanzibar na pwani ya Kenya bado wanayafuata katika kesi za ndoa na mirathi, hakimu huhukumu kwa yaliyo dhahiri. Ya ndani ameachiwa Mwenyezi Mungu. Yamepokewa mafundisho ya Mtume kwamba yeye mwenyewe alipowasuluhisha watu aliwatahadharisha: yeye ni binadamu, anahukumu kwa anayoyasikia, na mmoja wao huenda akawa hodari zaidi wa kujieleza, basi aliyepewa kisicho chake kwa hukumu hiyo asidhani kimekuwa halali. Yamepokewa pia mafundisho kuhusu hakimu anayejitahidi kwa elimu na nia safi. Akipata, ana malipo mawili. Akikosea, analo moja.

Jambo hilo la mwisho linastahili kusimamisha mjadala wowote wa kijiweni. Kosa la hakimu aliyejitahidi halikuhesabiwa kuwa dhambi, limepewa thawabu. Aliyeona mbali kiasi hicho alijua kwamba jamii isiyomvumilia hakimu anayekosea kwa nia njema haitapata mahakimu. Kuona kila kitu kumewekewa siku yake. Waislamu wanaamini kwamba siku ya Kiyama viungo vya mwili vyenyewe vitatoa ushahidi juu ya mwenye navyo, mkono ukiwamo. Wakristo nao wanaisubiri siku ambayo yaliyositirika yatawekwa wazi. Siku hiyo hakuna atakayebishania nani aliunawa. Dunia ya leo imejaribu kuikopa siku hiyo na kuileta Jumamosi saa kumi jioni.

Mkopo una riba, na Afrika iliilipa mapema. Tarehe 31 Mei 2019, katika marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa huko Radès, Tunisia, Wydad Casablanca walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Espérance baada ya sare ya 1–1 nchini Morocco. Walid El Karti akafunga kwa kichwa, kibendera kikapanda kuashiria ameotea. Wydad wakadai VAR. Ndipo ikafahamika kwamba mitambo haikuwa ikifanya kazi. Mwamuzi Bakary Gassama wa Gambia alibaki na macho yake na filimbi yake, kama waamuzi wote waliomtangulia kwa zaidi ya miaka mia moja, na hiyo haikutosha tena. Wydad waligoma kuendelea, mechi ikasimama kwa zaidi ya saa moja, kisha ikavunjwa na kombe likakabidhiwa kwa Espérance. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaamuru mechi irudiwe. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaitengua amri hiyo. Mwishowe Espérance wakabaki na kombe lao.

Miaka kumi kabla ya hapo, bao kama lile lingelalamikiwa, kocha angetupa chupa ya maji, na mpira ungepigwa. Ahadi ya uhakika ndiyo iliyolifanya kosa la kawaida lisisameheke. Mtu aliyeahidiwa mvua huuona ukame kuwa dhuluma.

Kisha kuna upande wa pili wa sarafu: mashine ilikuwapo, ukweli ulionekana, na haki haikutendeka. Tarehe 30 Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham Hotspur bao safi ambalo mshika kibendera alilikataa kwa kuotea. Chumba cha VAR kilipitia picha na kukuta hakuotea. Lakini aliyekuwa akisimamia alidhani uwanjani bao limekubaliwa, akasema ukaguzi umekamilika, na Spurs wakaanzisha mpira. Sauti za chumbani zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba kosa liligunduliwa ndani ya sekunde chache. Palikuwa na watu waliojua ukweli, wenye picha mbele yao na simu ya kuzungumza na mwamuzi. Hawakuweza kufanya kitu, kwa sababu utaratibu unasema mchezo ukishaanzishwa hakuna kurudi nyuma. Spurs walishinda 2–1 kwa bao la kujifunga la dakika za mwisho kabisa.

Mashabiki wengi waliutukana utaratibu ule. Hata hivyo umebeba busara ambayo kila mahakama inaijua: kesi lazima iwe na mwisho. Kama mchezo ungeweza kurudishwa nyuma kila ukweli mpya unapojitokeza, usingechezwa, ungechunguzwa. Katikati ya chumba kilichojaa skrini, kazi ya kale ya kuamua ugomvi ilijitokeza tena na kuishinda kazi ya upelelezi.

Na kuna siku ambayo kamera isingesaidia chochote. Tarehe 2 Julai 2010, katika uwanja wa Soccer City, Johannesburg, Ghana walikuwa wakitafuta kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mechi dhidi ya Uruguay ilikuwa 1–1, muda wa nyongeza ukiyoyoma. Kichwa cha Dominic Adiyiah kilikuwa kinaingia golini pale Luis Suárez alipoupangua mpira kwa mikono kwenye mstari kama kipa. Mwamuzi alimwona. Alitoa kadi nyekundu, akatoa penalti. Hakukosea hata nukta. Asamoah Gyan akagonga mwamba, Uruguay wakashinda kwa penalti 4–2, na bara zima likalala na njaa.

Ukweli wote ulijulikana pale. Sheria ilifuatwa neno kwa neno. Bado ukimuuliza Mghana, au Mkenya, au Mtanzania aliyekuwa akitazama usiku ule kama haki ilitendeka, atakutazama kama mgeni wa dunia. Kilichopungua kilikuwa ndani ya sheria yenyewe, ambayo haikuwa na njia ya kulirudisha bao kwa mwenyewe.

Mifano hii ikipangwa pamoja, inaonyesha kwamba mashabiki wanapogombania VAR huchanganya maswali ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya mahali: mpira umevuka mstari wote au haukuvuka, mguu umetangulia au haukutangulia. Jibu lipo nje ya kichwa cha mtu yeyote, na mashine inayolijua zaidi ya jicho ni rafiki. Tarehe 1 Desemba 2022 nchini Qatar, Kaoru Mitoma wa Japani aliuokoa mpira ambao karibu kila mtazamaji duniani aliuona umetoka. Kwenye majani ulikuwa nje, lakini tumbo la mpira lilikuwa bado limening'inia juu ya mstari. Ao Tanaka akafunga, Hispania ikalala 2–1, na Ujerumani ikafungasha virago. Jicho lilidanganya, kamera ikasahihisha. Katika mashindano hayo hayo kamera kumi na mbili chini ya paa la uwanja zilikuwa zikifuatilia alama 29 za mwili wa kila mchezaji ili kujua nani ameotea, na kifaa ndani ya mpira kilituma taarifa mara 500 kwa sekunde.

Mashine nayo hupofuka. Juni 2020 kipa wa Aston Villa, Ørjan Nyland, aliubeba mpira hadi ndani ya goli lake dhidi ya Sheffield United. Kamera zote saba za mstari zilizibwa na miili ya watu, saa ya mwamuzi haikutikisika, mechi ikaisha 0–0. Kampuni yenye mitambo iliomba radhi. Mwisho wa msimu Villa walinusurika kushuka daraja kwa pointi moja.

Aina ya pili ya maswali ni ya nia na kipimo. Alikusudia? Alitumia nguvu kupita kiasi? Mkono ulikuwa mahali pa kawaida? Hapa kamera haina jibu la kutoa, kwa kuwa jibu halikurekodiwa popote. Kati ya mwaka 2019 na 2021 IFAB iliiandika upya kanuni ya kunawa zaidi ya mara moja, ikafika hadi kutangaza kwamba mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa, na ubishi haukupungua. Mwendo wa polepole nao huleta hila yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 na Eugene Caruso na wenzake ulionyesha kwamba watu waliotazama tukio la ukatili kwa mwendo wa polepole walimwona mtendaji kuwa alikusudia zaidi kuliko waliolitazama kwa mwendo wa kawaida. Sababu yenyewe iko karibu: picha ikipunguzwa kasi, mtendaji anaonekana kama alikuwa na muda wa kufikiri. Beki aliyeteleza kwa nusu sekunde anageuka muuaji aliyepanga.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili alichoandika karne ya nne kabla ya Kristo, alitoa mfano wa mafundi wa kisiwa cha Lesbos. Walipojenga kwa mawe yasiyo na umbo sawa, hawakutumia rula ya mti. Walitumia kipimo cha madini ya risasi, kinachojipinda kulifuata jiwe. Sheria, alisema, huandikwa kwa ujumla, na maisha huja kwa vipande visivyofanana. Panahitajika mtu anayejua kuipinda bila kuivunja. VAR ni rula ya chuma. Kwa ukuta ulionyooka, hakuna kipimo bora. Kwa jiwe lenye nundu, inalivunja jiwe au inadanganya.

Mgawanyo wa kazi basi unajieleza. Mstari na kuotea vikabidhiwe kwa mashine moja kwa moja, bila binadamu kukaa na penseli akichora mistari juu ya bega la mtu kwa dakika tano. Nia, nguvu na mkono virudi kwa mwamuzi aliyeko uwanjani, atazame kwa mwendo wa kawaida, kwa muda mfupi, na neno lake liwe la mwisho. Ligi za Afrika Mashariki, ambako suala la VAR limefika hadi bungeni Dodoma, zina bahati ya kujifunza kwa makosa ya wenzao.

Na kuna jambo moja zaidi, la bei nafuu kuliko kamera zote. Kadhi akitoa hukumu huitoa pamoja na sababu zake, kwa sauti, mbele ya wahusika. Aliyeshindwa huenda asiridhike, lakini amesikia. Yanga walitoka Pretoria na jibu lisilo na maelezo, na pengo lile likajazwa na kila uvumi uliowezekana. Viongozi wa soka wanaopanga kuleta mashine hii wanunue pia kipaza sauti, na wamlazimishe mwamuzi kukitumia.

Inawezekana, kwa maana imefanyika. Tarehe 20 Julai 2023, katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la Wanawake huko Auckland, New Zealand ilikuwa ikiongoza 1–0 dhidi ya Norway. Mwamuzi Yoshimi Yamashita kutoka Japani aliitwa kwenye skrini dakika za mwisho, akatazama, akarudi uwanjani, akawasha kipaza sauti na kuueleza uwanja wa Eden Park, wenye watu zaidi ya elfu arobaini, kwamba mchezaji wa Norway ameunawa na kwamba ni penalti. Ria Percival akaweka mpira chini, akapiga. Ukagonga mtambaa panya.